Mafuta Yaliyokosa Mlango

Nimefundisha bayolojia hadi mgongo umekunjika, na kama kuna mchoro ambao mkono wangu unaweza kuuchora nikiwa nasinzia, ni ule wa utando wa seli. Mistari miwili ya vichwa vya mviringo, mikia ikitazamana katikati, na humo ndani nachomeka mabonge ya protini, nusu ndani, nusu nje. Nilikuwa nawaambia wanafunzi kwamba seli ni nyumba yenye milango. Sukari ina mlango wake, chumvi ina wake, na mafuta nayo hayajiingilii tu yanavyotaka. Mlango ukiharibika, nilisema, chakula kitafika mpaka kizingitini na mwenye nyumba atakufa njaa. Walikuwa wanaandika. Mimi niliyasema kama mtu anayesoma matangazo baada ya misa, akili iko kwenye maharage niliyoyaacha jikoni.

Mdogo wangu ndiye aliyenifanya niyasikie maneno yangu mwenyewe, na niliyasikia nimechelewa.

Kwanza ieleweke kwamba tulikuwa tumechoka. Vijana wa leo wakisikia habari za miaka ile hudhani tulishinda tunalia. Nani alikuwa na nguvu za kulia? Vita vilikuja, tukatoka Bukoba kwa miguu kuelekea Muleba, magodoro kichwani. Vikaisha, tukarudi kwenye mji usio na sabuni, usio na sukari, na mafuta ya kula unayapanga foleni tangu asubuhi unaambiwa yamekwisha. Kabla hatujavuta pumzi, ugonjwa ukaingia. Wengine waliuita silimu, maana ulikondesha; leo tunasema ukimwi. Wengi wetu tuliuita Juliana, kwa jina la nguo za magendo zilizokuwa zikivushwa mpakani, maana wa kwanza kufa walikuwa vijana wa magendo wenye kuzivaa. Jumamosi ikifika huulizi kama kuna msiba, unauliza leo tunazika wapi, Kashozi au Kamachumu. Nilikuwa na gauni moja jeusi, na lilichakaa kabla ya nguo zangu zote.

Katika hali hiyo, mwili ndio uliokuwa cheti cha mtu. Mwenye mashavu alisalimiwa kwa sauti. Aliyekonda alisalimiwa kwa mbali, na watu wakishampita walitazamana. Mama mmoja pale mtaani kwetu Rwamishenye alikuwa anavaa sweta mbili chini ya gauni, jua linawaka, ili aonekane amejaa. Tulimcheka. Mungu atusamehe.

Mdogo wangu alikuwa ameolewa Muleba, na mume wake alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mtu wa kwenda visiwani wiki mbili na kurudi wiki moja. Alikufa amebaki mifupa, hakuna aliyehitaji kuuliza kimemuua nini. Akamwacha mdogo wangu na binti mmoja wa miaka tisa na kibanja kizuri, migomba minene, mibuni imepangwa vizuri katikati yake. Haukupita mwaka, mdogo wangu naye akaanza kukonda. Tumbo linamkata, anatapika, anakaa siku mbili hali kitu, anapata nafuu, linamkata tena. Kwenye viwiko na matakoni yakamtoka mapele madogo ya manjano yenye wekundu pembeni. Watu wa kule walisema wanachosema siku zote, lisemwalo lipo. Akaja kwangu Rwamishenye na binti yake na mfuko mmoja wa nguo. Nilipomwona pale mlangoni nilijua. Yaani, nilidhani najua, na kwa mwalimu hayo mawili huwa yanafanana sana.

Laiti ningekumbuka utoto wetu. Mdogo wangu alikuwa Mhaya asiyekula senene, wale panzi wenye mafuta. Enzi za bibi, wanawake walikamata senene na kuwakaangia waume zao, wao wenyewe hawali. Lakini baba yetu alikuwa mtu wa misheni na katika nyumba yake tulikula wote, tena kwa fujo. Mdogo wangu alikula wawili watatu, halafu anajikunja chini ya mgomba ameshika tumbo. Maziwa vivyo hivyo. Mama alisema ana maringo. Mimi nilimwita binti wa mfalme, nikala na fungu lake. Akajifunza mwenyewe kukwepa vinono, kimyakimya, kama mtu anayejua kwamba kulalamika hakumsaidii, na hivyo akakua mzima. Ukweni ndiko alikofundishwa kula kila kitu, kwa sababu bibi harusi anayechagua chakula analeta aibu kwao.

Basi mimi nikaanza kumtibu. Mama yetu alikaa Kashozi, na kila wiki alikuja kwa miguu na kibuyu cha samli ameficha ndani ya kanga, maana samli wakati ule ilikuwa mali. Wakati wa ukimbizi baba aliharisha mpaka tukamtandikia mkeka wa kufia. Mama akamkorogea samli kwenye uji, baba akaamka. Tangu siku ile hapakuwa na daktari wala padri wa kumwambia mama kitu kuhusu samli. Aliimimina kwenye ndizi, kwenye maharage, kwenye chai. Mimi nami nikaimimina. Nilikuwa najua kabisa kwamba mafuta yana nguvu maradufu ya wanga, nilishaliandika hilo ubaoni mara ngapi, na mtu anayekonda anahitaji nguvu. Nani angebisha?

Mdogo wangu alikula kama mtoto mtiifu. Ikifika alasiri anajikunja kitandani, jasho linamtoka, anauma ukingo wa shuka. Nami nimetoka shule nimechoka, namkuta sahani haikuisha, namfokea kwamba ale, au anataka kufa aniachie mtoto. Niliyasema hayo. Mtoto yupo anasikia.

Kwaresima ikaingia. Siku ya Majivu mdogo wangu akatangaza kwamba anafunga, mpaka Pasaka hatagusa nyama wala samli wala karanga, ndizi za kuchemsha na maharage ya chumvi tu. Tuligombana vibaya. Nilimwambia Mungu hahitaji mifupa yake, kanisa lenyewe linawaruhusu wagonjwa kula. Yule mtu alikuwa na ukaidi wa kimya, unaweza kumpigia kelele siku nzima, ukimaliza unamkuta pale pale ulipomwacha.

Wiki ya kwanza tumbo likatulia. Ya pili akaanza kufagia uwanja. Ya nne mapele ya viwiko yakawa yamesinyaa. Mama alisema ni Bikira Maria, akawasha mshumaa. Mimi nilifurahi na kuudhika kwa pamoja. Pasaka mama akaleta mbuzi na kibuyu kilichojaa mpaka shingoni, tukala, tukacheka, na mdogo wangu akala kuliko sote kwa sababu alijiona amepona. Jumatatu ya Pasaka tukambeba hospitali akiwa hawezi kunyoosha mgongo.

Wahudumu walimtazama mara moja, wakauliza mume wake yuko wapi, wakasikia amekufa, wakamlaza kwenye wodi ya wale wasioulizwa tena. Siwalaumu. Wodi nzima ilikuwa ya watu kama yeye. Damu ikatolewa kwa ajili ya kipimo cha Juliana, na ingeishia hapo kama si mzee wa maabara, ambaye niliwahi kumfundisha binti yake. Mchana alimtuma mtu aniite. Nilidhani ananiita kunipa pole.

Alikuwa ameshika kichupa cha damu mbele ya dirisha. Chini ilikuwa nyekundu imetulia kama kawaida. Juu, pale ambapo panatakiwa pawe na maji ya manjano kama chai ya rangi nyepesi, palikuwa peupe. Peupe kabisa, pazito, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Aliniuliza kama mgonjwa amekula mafuta. Nikasema hajala kitu tangu jana. Akatikisa kichwa, akaniambia amefanya kazi ile tangu kabla ya vita na ameiona damu ya namna hiyo mara moja tu, akiwa mwanafunzi.

"Mwalimu," alisema, "Juliana haifanyi damu kuwa hivi. Huyu mafuta anayokula hayaingii mwilini. Yanazunguka tu kwenye damu hayana pa kushukia."

Nilisimama pale nikatazama kile kichupa. Mganga hajigangi, wanasema. Miezi mitatu nilikuwa namlisha mdogo wangu sumu kwa kijiko, nikimfokea amalize.

Daktari alieleza kwamba mafuta yakijaa hivyo kwenye damu yanachoma kongosho, ndiyo maana ya yale maumivu, na siku moja kongosho litachomeka lisirudi. Hana sindano ya kumpa wala kidonge. Dawa ni kutokula mafuta, ya aina yoyote, maisha yake yote. Wiki kadhaa baadaye jibu la kipimo kile kingine likatoka. Hakuwa na virusi. Mume alikufa navyo, yeye hana. Yale mambo yalikuwa yanatokea, na hakuna aliyekuwa anayaamini.

Sasa nimezeeka, na mwanafunzi wangu mmoja aliyesoma udaktari ndiye aliyenieleza mambo ambayo enzi zetu hayakuwa vitabuni. Mafuta yakitoka tumboni hupanda kwenye damu yakiwa yamefungwa katika vifurushi vidogo. Ili yaingie kwenye misuli au kwenye akiba ya mwili, lazima vifurushi vifunguliwe pembeni ya mshipa, na anayevifungua ni kimeng'enya fulani. Kimeng'enya hicho hakijipeleki. Ipo protini ndogo kwenye utando wa seli za mshipa, kazi yake ni kukibeba kutoka nyuma ya ukuta, kukivusha, na kukishikilia upande wa damu kisichukuliwe na mkondo. Mtu akizaliwa bila mbebaji huyo, au bila kimeng'enya chenyewe, shehena inafika kila siku na haishushwi, kama magunia ya kahawa yaliyorundikana bandarini siku ambayo wachukuzi hawakuja. Akaniambia na kolesteroli ina wabebaji wake, wa kuiingiza na wa kuisukuma nje ya seli, na kila mmoja akikosekana kuna ugonjwa wake. Nilimsikiliza vizuri. Nilimuuliza kama wazazi wawili wazima wanaweza kuzaa mtoto wa hivyo. Akasema ndiyo, kila mmoja akiwa ameficha kasoro moja asiyoijua. Mimi niliponea, mdogo wangu akazipata zote mbili. Hakuna aliyekosea. Lakini mwanafunzi wangu hakujua kwamba palikuwa na kikao cha ukoo, na kikao hicho ndicho kilichomuua mdogo wangu.

Baada ya hospitali tulikaa vizuri. Ndizi za kuchemsha, maharage, mchicha wa maji, kipande cha samaki cha kuchoma kilichokwanguliwa ngozi. Tumbo halikurudi. Alikuwa anapata nguvu, analima kabustani nyuma ya nyumba, anaimba. Kitu kimoja tu hakikurudi haraka, mwili. Nyama zilikuja kwa kudokolewa, kidogo mwezi huu, kidogo mwezi ujao. Sokoni wanawake bado walimwekea chenji juu ya meza, hawakumpa mkononi. Mama naye alimtazama viwiko vyake vilivyochongoka, anageuka kufuta macho. Nilimweleza mama habari ya kongosho mara kumi. Alinisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza Kilatini.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Muleba. Shemeji zake wanaitisha kikao cha ukoo kuhusu kibanja. Mjane aliyezaa binti tu, kwa desturi ya kule, anakaa kwenye kibanja kwa hisani ya ukoo. Kama ni mzima, ataachwa alee mtoto wao. Kama ni wa kufa kesho, ya nini kusubiri? Watampa kibanja mmoja wa ndugu wa marehemu, na mtoto atapelekwa kukaa kwa huyo ndugu, na sote tulijua mtoto wa kike yatima anakaa vipi kwenye nyumba ya namna hiyo miaka ile: anachota maji mpaka anaolewa. Kikao kilikuwa kimepangwa baada ya mavuno ya kahawa. Sasa kimesogezwa karibu, ni mwezi ujao.

Nilimwambia mdogo wangu aende na karatasi ya hospitali, imeandikwa wazi na ina muhuri. Akacheka, kicheko cha uchovu. Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto kwamba ukionyesha karatasi kuwa huna ugonjwa, maana yake ulikwenda kuuliza kama unao. Mtu mzima hapimwi. Na karatasi, hata mimi nilijua, watu walisema zinanunuliwa.

Akaniomba jambo moja. Niende naye. Mimi ni mwalimu, alisema, nimesoma, nikisimama mbele ya wazee nikawaeleza kwamba ni ugonjwa mwingine, wa mafuta, wa kuzaliwa, wataniheshimu, hata wasiponielewa wataona aibu kumfukuza mbele yangu.

Siku ya kikao ilikuwa siku ya mtihani, na nilikuwa msimamizi. Hilo ni kweli. Ni kweli vilevile kwamba ningeweza kubadilishana na mwenzangu kwa kusema neno moja tu pale chumba cha walimu. Sikusema. Nilikuwa nimezika watu wawili wiki ile, mmoja wao mwalimu mwenzangu ambaye vipindi vyake nilikuwa navifundisha mimi. Nilipofikiria basi la Muleba, na wazee wale na mirija yao ya rubisi, pombe ya ndizi, na kuanza kueleza utando wa seli kwa Kihaya kwa watu walioshaamua, mwili wote uliniambia hapana. Nikamwambia siwezi, nina mtihani. Halafu akasema basi nimpe samli.

Nilimpigia kelele. Nilimwambia yeye ni mwehu, nilimkumbusha kile kichupa, nilimwambia nitaivunja kila chupa ya mafuta iliyomo humu ndani. Alisubiri nimalize.

"Dada, nikifika pale na mifupa hii," alisema, "wataanza kugawana migomba nikiwa nimesimama. Nikinenepa nikafa, mtoto atabaki na kwao. Nikikonda nikaishi, nitaishi wapi?"

Kesho yake alikwenda Kashozi kwa mama, na mimi nilimsindikiza mpaka barabarani nikarudi kusahihisha madaftari. Nilijua kilichoko Kashozi. Nilituma neno kwa mama kwamba asimpe mafuta hata tone, mama akarudisha neno kwamba amesikia, na mimi nikajilazimisha kuridhika, kwa sababu kuridhika kulikuwa rahisi kuliko kupanda ile njia mwenyewe. Wiki tatu sikwenda.

Ya kikao alinisimulia mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekwenda naye. Mdogo wangu alikuwa amejaa. Usiniulize kwa njia gani, wiki tatu za samli na maziwa na uji wa sukari, na maumivu aliyoyameza bila kumwambia mama. Uso ulikuwa wa mviringo, ngozi inang'aa, kitenge kimemkaa. Viwiko alivifunika kwa mikono mirefu. Wazee hawakumuuliza ugonjwa, si adabu. Walifanya wanavyofanya siku zote: walisema wana njaa, mke wetu atupikie. Akamenya ndizi mbele yao, akabeba chungu mwenyewe, akapakua. Kisha mkubwa wao akasema na yeye akae ale nao, hapo hapo uani, kila mtu aone. Mgonjwa wa Juliana hamalizi sahani, hilo lilijulikana. Zilikuwa ndizi za nyama ya ng'ombe ya mafuta, zimemiminiwa samli juu, kama inavyopasa chakula cha ukoo. Mama alisema alikula taratibu, akizungumza na kuchekesha watu, akamaliza, akaomba kuongezewa.

Wakaandika. Kibanja ni cha mtoto, mama yake ni mlezi wake, na mlezi asipokuwepo, atakayemlea mtoto akae naye humo humo. Alilitaka neno hilo la mwisho yeye mwenyewe, akasubiri mpaka liandikwe, akasomewa tena. Wazee wakatia dole gumba mmoja mmoja. Walipokwisha kuondoka wote, alipokwisha kuwasindikiza mpaka njiani kama desturi inavyotaka, alirudi ndani akaanguka.

Walimleta Bukoba kwenye gari la samaki. Nilimkuta wodini tumbo limekakamaa kama ubao, midomo imekauka. Mzee wa maabara alipita, akanishika bega, hakunionyesha kichupa. Mdogo wangu alinitambua. Aliniambia wamekubali, wameandika, akanitajia mahali karatasi ilipo, ndani ya mto wa kitanda. Nilimwambia anisamehe. Aliniuliza mtihani ulikwendaje.

Alikufa siku ya tatu.

Tulimzika Muleba kwenye kibanja chenyewe, kama alivyotaka. Watu walijaa, na nilisikia lile neno likipita kwenye safu za wanawake, Juliana, Juliana, lakini safari hii walilisema kwa wasiwasi, maana jeneza lilikuwa zito na waliomwosha waliona. Shemeji mmoja alijaribu kuamsha habari ya kibanja kaburi likiwa bado bichi. Mkubwa wa ukoo alimkata kauli, akasema ukoo haulambi mate yake, mtoto ana kwao. Mimi ndiye niliyehamia kumlea, nikaomba uhamisho, nikafundisha shule ya kule mpaka alipokuwa mtu mzima. Yupo bado, kwenye migomba yake.

Baada ya mazishi mama alikaa juu ya majani ya migomba, amenyoosha miguu, na kila aliyekuja kumpa pole alimwambia jambo lile lile, kwamba mwanawe hakukonda. Mnaona? Amekufa na mwili wake. Alilisema kwa fahari kiasi kwamba baadhi yao waliinamisha uso. Watu walipopungua akaniita nikae karibu. Alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa bado kinanukia samli.

"Mwana wange, wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Yale mafuta yangu yalimsaidia, si ndiyo?"

Nilikuwa na maneno yote. Kongosho, utando, vifurushi visivyofunguliwa. Ningeweza kumchorea hapo hapo kwenye udongo.

"Yalimsaidia, mama," nilisema.

Akashusha pumzi, akaulaza mkono wangu juu ya paja lake. Ningemwambia nini mtu ambaye alikwenda naye mpaka kwenye kikao, akakaa ubavuni kwake, akamtazama akila? Saa ile mimi nilikuwa nimekaa mbele ya darasa la mtihani, nikihesabu dakika zilizobaki.